Tovuti hii iko na miaka ngapi kweli? Soma tarehe zake mbele ya kutoa makuta



Siku hizi katika vikundi vyetu vya WhatsApp na Telegram kunapita matangazo ya aina moja: tovuti inauzwa, ina miaka 13, inaingiza dola kila mwezi, mwenyewe anauza juu anasafiri. Bei iko dola 800, dola 1.500, wakati mwingine zaidi ya 2.000. Kwa mtu aliyemaliza chuo na anangoja kazi, hiyo inaonekana kama shamba lililokwisha kupandwa: wewe unaingia tu na kuvuna. Vijana watatu ao wane wanaunganisha makuta ya likelemba, wanatuma kwa simu, kisha wanapewa neno la siri. Na kitu kinachopandisha bei mara mingi ni kale kamaneno "miaka 13". Kwa hiyo nataka tuangalie umri wa tovuti: unapimwa namna gani, watu wanaupika namna gani, na kama kweli uko na bei wanayoutilia.

Tupatane kwanza juu ya neno moja. Kwetu huku mashariki mtu akisema "nataka kuuza", mara mingi anataka kununua, na mwenye kitu anasema "nauzisha". Hapa nafuata Kiswahili cha vitabu: kununua ni kutoa makuta, kuuza ni kupokea. Nimeshaona watu wawili wakibishana nusu saa kwenye simu juu ya tovuti, kumbe wote wawili walikuwa wanataka kununua.

Mimi nilisoma agronomia, si informatika, lakini kazi hii iko karibu na ile ya soko la ng'ombe. Pale hakuna anayeamini mdomo wa mwenye kuuza. Mnunuzi anafungua mdomo wa ng'ombe: meno mawili ya kwanza ya mbele yakishabadilika, mnyama yuko karibu na miaka miwili, na unaendelea kuhesabu hivyo. Tovuti nayo iko na meno. Shida ni kwamba wengi wanatazama jino moja tu, tarehe ya kuandikishwa kwa adresi, na wanafunga hesabu.

Adresi na tovuti ni vitu viwili. Adresi, ile ya .com ao .org, ni kama parseli. Tovuti ni nyumba iliyojengwa juu ya parseli. Hati ya parseli inaweza kuwa ya zamani za babu na nyumba ikawa imemalizika juzi. Na kuna kitu cha tatu ambacho wauzaji wanakichanganya na hivyo viwili kwa makusudi: biashara yenyewe, maana yake wasomaji na mapato. Hiyo inaweza kuwa na miezi mitano ndani ya nyumba ya mwaka mmoja juu ya parseli ya miaka 13. Ukiuliza "iko na miaka ngapi?", muuzaji anachagua jibu lenye kumfaa, na hawezi hata kuitwa mwongo.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa adresi ya .com ya kwanza kabisa. Symbolics.com iliandikishwa tarehe 15/03/1985 na kampuni ya Massachusetts, Marekani, iliyotengeneza kompyuta. Lakini mwaka 1985 kurasa za intaneti tunazozijua leo hazikuwepo popote duniani. Tim Berners-Lee alizianzisha huko CERN, karibu na Geneva. Ukurasa wa kwanza uliwashwa mwishoni mwa 1990, na watu wa nje wakaanza kuujua 1991. Maana yake adresi hiyo ilikaa miaka zaidi ya mitano bila tovuti kuweza hata kuwepo. Kisha mwaka 2009 kampuni iliyo na kazi ya kununua adresi ikaichukua. Daftari bado linasema 1985. Wale waliotengeneza kompyuta hawako tena pale.

Kwetu Kongo kuko mtego mwepesi wa kukamata mwongo. Adresi za .cd zilianza 1997, nchi ilipoacha jina la Zaïre. Mbele ya hapo tulikuwa na.zr, nayo ikafutwa kabisa 2001. Mtu akikuambia tovuti yake ya .cd ni ya 1994, usipoteze mega zako kutafuta zaidi. Vilevile .xyz ilifunguliwa kwa watu wote 2014, na .africa 2017.

Sasa, daftari lenyewe. Adresi za kimataifa kama .com, .net na .org zimeandikwa kwenye daftari ambalo kila mtu anaruhusiwa kulisoma bure. Zamani lilisomwa kwa njia iitwayo WHOIS. Tangu tarehe 28/01/2025 njia rasmi ni RDAP. Kwako wewe mnunuzi tofauti si kubwa. Unafungua lookup.icann.org, unaandika adresi bila www, unapata tarehe tatu. "Created" ni siku adresi iliandikishwa. "Registry Expiration" ni siku muda uliolipiwa unamalizika. "Updated" njo ile inayodanganya wengi: wanadhani ni siku tovuti iliandikwa mara ya mwisho. Hapana. Ni siku kitu fulani kilibadilika kwenye daftari, mfano mwenyewe alilipa tena, ao alihamisha adresi. Makala yaliyo ndani ya tovuti hayaingii humo kabisa.

Usishtuke ukikuta jina la mwenyewe limefichwa. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda habari za watu ilipoanza kazi Mei 2018, majina karibu yote yamefunikwa, ya wezi na ya watu wazuri pamoja.

Tarehe ya "Created" inaweza kukudanganya pande zote mbili, na kuelewa sababu lazima ujue adresi inaishi namna gani. Haiuzwi kwa milele. Unalipia mwaka mmoja mpaka kumi kwa mara moja. Ukisahau kulipa, kwa .com hauipoteze siku ileile: kampuni iliyokuandikisha inaweza kukuachia nafasi mpaka siku 45, kisha kuna siku 30 za kuikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5 za kungoja, na hapo inafutwa. Mtu mwingine akiiandikisha nyuma ya kufutwa, "Created" inaanza upya kuanzia siku hiyo, kama vile adresi haikuwahi kuwepo. Lakini kampuni nyingi haziachi adresi nzuri ifike mpaka kufutwa. Zinaipeleka mnadani ingali hai. Mwenye kushinda mnada anapewa adresi pamoja na tarehe yake ya zamani, haijaguswa. Ni hapo njo biashara ya miaka ya uongo inazaliwa. Mtu ananunua mnadani adresi ya 2011 iliyokuwa ya hoteli, anaweka juu yake makala mia mbili yaliyoandikwa na mashine kwa wiki mbili, na anakuja kwenye kikundi chenu na "tovuti ya miaka 13".

Hii si hadithi ya kutunga. The Hairpin lilikuwa gazeti la intaneti la Marekani, lililoandikwa zaidi na wanawake, lililozaliwa 2010 na kufungwa mwanzoni mwa 2018. Adresi ikaachwa, na mfanyabiashara mmoja wa Ulaya akaichukua. Januari 2024 jarida la Wired likaeleza kilichokuwa ndani: jina lilelile, adresi ileile, makala mapya ya mashine, na makala ya zamani yaliyopendwa yamebakizwa huku majina ya wanawake waliyoyaandika yamebadilishwa kwa majina ya wanaume. Katikati ya 2024 ikawa zamu ya TUAW, tovuti ya habari za Apple iliyoanza 2004 na kufungwa 2015. Ilirudi na majina ya waandishi wake wa zamani juu ya maandiko ambayo hawakuyaandika. Mtu anayesoma daftari peke yake angesema hizo ni tovuti za wazee wenye heshima.

Lakini kwa nini umri uko na bei? Sehemu kubwa inatoka kwenye imani juu ya Google. Mwishoni mwa 2003 Google iliomba hataza ya njia za kupanga kurasa kwa kutumia historia yake, pamoja na tarehe za adresi. Hati hiyo ilitangazwa 2005, wauzaji wakaisoma wanavyotaka, na tangu hapo "adresi ya zamani inapanda juu kwenye Google" ikawa kama sala ya asubuhi. Mwaka 2019 John Mueller, mmoja wa wale wanaosemea Google mambo ya utafutaji, alisema wazi kwamba umri wa adresi hausaidii kitu. Kile ambacho tovuti ya zamani inacho kweli ni tovuti zingine zinazoielekeza watu, na wasomaji wenye mazoea. Hivyo vinakuja kwa kazi ya miaka. Vikiwepo, vina bei. Visipokuwepo, 2011 ni namba tu.

Na kuko habari ingine ambayo wauzaji hawaisemi. Machi 2024 Google iliongeza kwenye sheria zake kosa la kutumia adresi iliyoachwa: kununua jina la zamani ili kubebea makala yasiyo na faida juu ya sifa ya wenyewe wa kwanza. Tovuti iliyokamatwa na kosa hilo inaweza kushushwa ao kuondolewa kwenye utafutaji. Kwa hiyo ile "miaka 13" unayolipia zaidi inaweza kuwa njo hatari yenyewe. Muuzaji anajua. Pengine njo "safari" anayosafiri.

Chombo kikubwa cha kupima nyumba, si parseli, ni Wayback Machine ya Internet Archive. Ni maktaba ya San Francisco iliyoanzishwa na Brewster Kahle 1996. Tangu mwaka huo inapiga picha kurasa za intaneti na kuziweka, na 2001 ilifungulia kila mtu. Unaenda web.archive.org, unaandika adresi, unaona miaka na kalenda yenye viduara. Bluu maana yake ukurasa ulifunguka vizuri. Kijani, ulikuwa unamtupa msomaji kwenye adresi ingine. Rangi ya chungwa, ukurasa haukupatikana. Nyekundu, mashine inayobeba tovuti ilikuwa na shida. Ukiona miaka mitatu ya kijani na chungwa katikati ya bluu, hapo pana kovu, na wewe ni daktari wa kuuliza lilitokana na nini.

Wengi wanafungua picha ya kwanza na ya mwisho, basi. Hiyo haitoshi. Fungua walau moja kwa kila mwaka na tazama vitu vya kijinga: lugha ni ileile? Jina juu ya ukurasa ni lilelile? Namba ya simu na mji ni zilezile? Mwaka 2013 ilikuwa inazungumza vyumba vya kulala na bwawa la kuogelea, 2019 ni ukurasa mtupu unaosema adresi inauzwa, 2023 ni kilimo cha kahawa. Hizo ni tovuti tatu zilizopita kwenye parseli moja, na wewe unanunua ile ya tatu.

Kama mega ni za kuhesabu, kuko njia ya mkato: andika web.archive.org/web/2014/ na kisha adresi yenyewe, itakupeleka moja kwa moja. Lakini uangalie vizuri, juu hapa watu wengi wanaanguka. Kama hakuna picha ya 2014, mashine haikuambii hapana. Inakupeleka kwenye picha iliyo karibu, pengine ya 2022. Tazama namba ndefu iliyo kwenye mstari wa adresi. Ina tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hiyo njo tarehe ya kweli ya picha. Tena ukurasa mmoja wa archive umeunganishwa kwa vipande, na picha ndogo ao rangi zinaweza kuwa zimechukuliwa siku ingine kuliko maandishi. Usijenge kesi juu ya nembo moja.

Na tuwe wa haki. Archive haipiti kila mahali. Tovuti ndogo ya Uvira ao Kalemie inaweza kupigwa picha mara mbili kwa mwaka, ao isipigwe kabisa. Picha ya kwanza ya Juni 2018 inasema "mwezi huo ilikuwepo", haisemi "ilizaliwa mwezi huo". Mwenyewe pia anaweza kuomba picha zake zitolewe. Ukikuta ujumbe kwamba adresi hiyo imeondolewa kwenye archive, ni haki yake, lakini ni haki yako pia kuuliza kwa nini mtu anayeuza historia ameifunga historia.

Jino lingine ambalo wachache wanalijua ni sertifika, kile kikufuli kidogo kando ya adresi. Kila tovuti yenye https inapewa sertifika, na tangu 2018 kivinjari cha Chrome kinadai kila sertifika mpya iwe imeandikwa kwenye madaftari ya wazi. Hayo unayasoma bure kwenye crt.sh. Ukiandika adresi unapata orodha ya sertifika na tarehe zake. Sasa tuseme muuzaji anaapa kwamba tovuti imefanya kazi bila kusimama tangu 2016, na wewe unaona hakuna sertifika hata moja kuanzia 2019 mpaka Novemba 2023, kisha zinaanza kufuatana kila miezi michache. Ile nafasi tupu lazima ielezwe. Kwa miaka ya mbele usikazane sana: sertifika za bure za Let's Encrypt zilifunguliwa kwa wote mwishoni mwa 2015, na tovuti nyingi ndogo zilikaa bila kikufuli miaka mingi bila ubaya wowote.

Tarehe zilizo juu ya makala zenyewe ni kitu rahisi kabisa kupika. WordPress, programu inayobeba tovuti nyingi za namna hii, inakuruhusu kuandika leo na kuweka tarehe ya 2012. Ile "© 2009–2025" chini ya ukurasa nayo inaandikwa kwa sekunde kumi. Lakini WordPress inatoa namba kwa kila kitu kinachoingia ndani, na namba zinapanda tu, hazirudi nyuma. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua makala, bonyeza Ctrl na U kuona maandishi ya ndani, kisha tafuta "postid-" ao "?p=". Namba zinaweza kuruka, juu picha na nakala za makala nazo zinahesabiwa, na mtu anaweza kuanza makala leo akaitoa mwezi ujao. Hiyo ni kawaida. Kile kisicho kawaida ni makala ya 2012 yenye namba 4.870 na makala ya 2024 yenye namba 310. Ile ya 2012 imeingia nyuma. Mwenyewe anaweza kusema alihamisha maandiko kutoka tovuti ingine, na inaweza kuwa kweli. Basi atoe adresi ya ile ingine, tuitazame kwenye archive.

Na hapa diploma yako, hata iwe ya nini, inafanya kazi kuliko ya informatika. Soma makala na akili ya fani yako. Nikikuta tovuti ya kilimo yenye makala ya "Mei 2012" inayofundisha kupambana na kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi ya Kivu, sina haja ya chombo chochote. Mdudu huyo, Spodoptera frugiperda, ni mwenyeji wa Amerika, na aligunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2016. Hakuna mkulima wa Rutshuru aliyempulizia dawa mwaka 2012. Mwanasheria ataona sheria iliyotajwa mbele ya kupigiwa kura. Muuguzi ataona chanjo ambayo haikuwa imetoka. Mashine zinazoandika makala hazina aibu kwa tarehe.

Tufike kwenye mapato, juu njo kunakolipiwa. Kwenye masoko kama Flippa, bei inahesabiwa kwa faida ya mwezi mara idadi ya miezi, mara nyingi kati ya 20 na 40. Umri unaingia hapo: tovuti iliyothibitika kwa miaka inastahili miezi mingi, ya juzi inastahili michache. Tuchukue mfano wa kubuni. Muuzaji anasema faida ni dola 60 kwa mwezi, tovuti ina miaka 13, anataka miezi 35. Hiyo ni dola 2.100. Wewe umesoma archive: makala ya sasa yameanza miezi 14 iliyopita. Umeona hesabu zake: mapato yameanza miezi mitano tu. Dola 60 mara 5 ni 300. Ukigawanya kwa miezi 12 ya mwisho, faida ya kweli ni 25 kwa mwezi. Kwa kitu kichanga hivyo mimi singelipa zaidi ya miezi 15. Jibu ni dola 375. Tovuti ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba tumehesabu umri wa biashara, tukaacha ule wa parseli.

Kuhusu picha za skrini za mapato, jueni kwamba mtoto wa sekondari anaweza kubadilisha namba kwenye kivinjari na kupiga picha. Omba muuzaji akuongeze kwenye Google Analytics kama mtazamaji tu, ama afungue mbele yako kwa video na ukurasa aupakie upya. Na kama anakuletea "takwimu za miaka kumi", kumbuka: Analytics ya zamani iliacha kuhesabu tarehe 01/07/2023, na mwaka uliofuata Google ikaanza kufuta habari zake. Ile mpya ilitoka 2020. Search Console inaweka miezi 16 tu. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha 2014 anakuonyesha faili ao picha aliyoitunza mwenyewe. Pengine ni ya kweli. Lakini haihakikishwi tena, na kitu kisichohakikishwa hakilipiwi.

Neno kwa wale wanaouza, juu kati yetu kuko walio na tovuti nzuri ambazo daftari linazionea. Kijana alianza kuandika 2014 kwenye Blogspot ya bure, 2021 akapata makuta ya kununua .com yake. "Created" inasema 2021, na mnunuzi anamwambia tovuti yako ni changa. Ao alisahau kulipa wakati wa vita ama ya kukosa mtandao, adresi ikafutwa, akaiandikisha upya: miaka saba imepotea kwenye karatasi. Usiongope kusahihisha hilo, onyesha. Acha adresi ya zamani ielekeze kwenye mpya. Tunza risiti za kila malipo, hata kama ni barua pepe tu. Na anza leo: kwenye web.archive.org kuko mahali pa "Save Page Now", unaweka adresi yako na archive inapiga picha siku hiyohiyo. Mara moja kwa miezi mitatu, bure, na mwaka 2030 hakuna atakayebishana nawe. Katika tangazo andika mambo yote wazi: adresi ya mwaka fulani, makala kuanzia mwezi fulani, mapato kuanzia mwezi fulani. Mnunuzi mwenye akili atayapata hata hivyo, afadhali ayasikie kwako.

Mkishapatana, tazameni uhamisho. Neno la siri la kuingilia WordPress si umiliki. Umiliki uko kwenye akaunti ya kampuni iliyoandikisha adresi, na ni huko lazima ihamie kwa jina lako, makuta yakiwa bado kwa mtu wa katikati. Muuzaji akikuambia adresi haiwezi kuhamia kampuni ingine mbele ya siku 60, muulize vizuri: mara mingi kizuizi hicho kinawekwa juu ya adresi iliyoandikishwa, iliyohamishwa ao iliyobadilishiwa mwenyewe karibuni. Mtu wa "miaka 13" amepataje kizuizi cha mtu aliyefika juzi?

Na siku ya kulipa, rudi kwenye daftari utazame "Registry Expiration". Kama muda unamalizika mwezi ujao, malipo ya mwaka unaofuata ni juu yako, na ujumbe wa kukumbusha unaweza kuendelea kwenda kwenye barua pepe ya yule aliyesafiri. Badilisha hiyo barua pepe kwanza, lipia mwaka mwingine jioni ileile, kisha njo uanze kutazama rangi za tovuti yako mpya.